Kidonge cha Alfajiri na Kipimo cha Damu: Namna ya Kuishi na Maradhi ya Tezi ya Shingo

Maradhi mengi huja kwa kishindo. Malaria humtikisa mtu kitandani, na jeraha humwaga damu mbele ya macho ya wote. Maradhi ya tezi ya shingo hayana desturi hiyo. Huingia polepole, mwezi baada ya mwezi, hata mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani kwake wakadhani kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Mke aliyekuwa hodari huitwa mvivu. Askari aliyekuwa mtulivu huitwa mwoga kwa sababu mikono yake inatetemeka. Kumbe kosa si la tabia hata kidogo, bali ni la kiungo kidogo kilichokaa mbele ya koo.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unaeleza jinsi mtu anavyoweza kuishi na maradhi hayo miaka mingi, akafanya kazi na kulea watoto, maadamu anameza dawa yake na kupima damu kwa wakati. Mfano wetu tumeuchukua Mbau, kwa sababu mahali hapo panaonyesha wazi ni kitu gani hasa humwangusha mgonjwa wa namna hii. Aghalabu si ukosefu wa dawa duniani. Ni kukatika kwa njia baina ya mgonjwa na dawa yake.

Mbau ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Katika wilaya hiyo watu husema Kimwani na Kimakonde, na Kiswahili nacho si kigeni. Vita vilivyoanza tarehe 5 Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia viliwatawanya watu hao. Agosti 2020 mji huo ulitekwa na waasi, na tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaurejesha. Katika muda huo wananchi walikimbilia Mueda, Montepuez, Pemba na hata Nampula, na vituo vya afya vikachomwa au kuachwa mahame. Jimbo hilohilo lilipigwa na tufani iliyoitwa Kenneth tarehe 25 Aprili 2019, na nyingine iliyoitwa Chido tarehe 15 Desemba 2024. Baada ya mji kurejeshwa, jamaa nyingi zilianza kurudi makwao.

Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, hakumbuki kubeba kidonge. Na anaporudi, jambo la kwanza analolitafuta ni jembe na paa la nyumba. Dawa isiyozuia maumivu na isiyoshusha homa husahauliwa upesi. Hapo ndipo hatari ilipo.

TEZI HIYO NA KAZI YAKE

Tezi ya shingo, ambayo wataalamu huiita pia tezi dundumio, ina umbo kama la kipepeo aliyekunjua mabawa mbele ya koromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali ambayo damu huichukua na kuipeleka mwilini mwote. Homoni hiyo huamuru kasi ya mwili: moyo upige mara ngapi, chakula kiungue kwa haraka gani, matumbo yasukume kwa nguvu kiasi gani, na akili iwe nyepesi au nzito.

Wasomaji wetu wa kambini watauelewa utaratibu wake bila taabu. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi nyingine ndogo iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo kamanda. Tezi ya shingo ni bohari. Kamanda huangalia kila saa kama mwili umepata homoni ya kutosha. Ikipungua, hutuma amri kwenye bohari itoe zaidi. Amri hiyo ndiyo inayoitwa TSH, na husafiri katika damu. Bohari ikiwa dhaifu na isijibu, kamanda hupaza sauti, na TSH hupanda. Bohari ikitoa kupita kiasi, kamanda hunyamaza, na TSH hushuka karibu na sufuri.

Kwa hiyo, msomaji, usishangae daktari akikuambia kwamba TSH yako iko juu na kwa hiyo tezi yako iko chini. Hakukosea. Sauti ya kamanda huwa kubwa pale bohari isipotii.

TEZI INAPOLEGEA, NA TEZI INAPOKIMBIA

Tezi inapolegea, mwili wote hupunguza mwendo. Mgonjwa huchoka hata kama amelala vizuri. Husikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, jambo la ajabu katika pwani yenye joto. Ngozi hukauka, uso huvimba, sauti huwa nzito, choo huwa kigumu, uzito huongezeka na kumbukumbu hupungua. Mwanamke huweza kupata hedhi nzito, au kushindwa kushika mimba.

Tezi inapokimbia, mambo hugeuka. Moyo hudunda kwa kasi, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu bila kazi, usingizi hupotea, na mwili hukonda ingawa mlaji anakula sana. Wengine macho hutokeza.

Yatazame sasa mazingira ya mahali kama Mbau. Mwanamke aliyepoteza ndugu na nyumba amechoka, hasemi, amevimba uso. Kila mtu atasema ni huzuni, na pengine ni kweli. Askari aliyekaa muda mrefu katika eneo la mapigano anatetemeka na halali usiku. Kila mtu atasema ni hofu ya vita, na pengine hilo nalo ni kweli. Lakini macho hayawezi kutenganisha huzuni na tezi iliyolegea, wala hofu na tezi inayokimbia. Malaria ya mara kwa mara na upungufu wa damu huleta uchovu uleule. Hakuna ajuaye mpaka damu ipimwe. Ndiyo maana si haki kumhukumu mtu kuwa mvivu au mwoga, wala kumpeleka kwa mganga akatolewe pepo, kabla ya kumpeleka maabara.

CHUMVI, SAMAKI NA MHOGO

Tezi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, ambayo hupatikana katika samaki wa baharini, na katika chumvi iliyotiwa madini hayo kiwandani. Yakikosekana kwa muda mrefu, tezi hutanuka ikijitahidi kuyakamata machache yaliyopo, na uvimbe huo wa shingo ndio wazee wetu waliouita rovu.

Watu wa pwani wana bahati ya samaki. Lakini mvuvi aliyehamishwa na vita akapelekwa bara, mbali na bahari, chakula chake hubadilika kuwa ugali na majani. Chumvi iliyotiwa madini joto humfaa mtu huyo kuliko alipokuwa kwao. Mama wa nyumbani na aiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na aitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva, maana moto mrefu hupunguza madini hayo.

Mhogo mchungu nao una habari yake. Ndani yake mna sumu ambayo hutoka kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika juani. Watu wakiwa na njaa na haraka, hufupisha kazi hiyo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Nampula, kusini ya Cabo Delgado, walipooza miguu ghafla baada ya kula mhogo usiolowekwa vya kutosha. Wenyeji waliyaita maradhi hayo mantakassa. Sumu hiyohiyo, hata ikiwa kidogo isiyoweza kupooza mtu, hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi isikamate madini joto. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu mashariki ya Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu nyingi upande wa kaskazini kuliko kusini, ingawa pande zote mbili zilikuwa na uhaba uleule wa madini joto. Uchunguzi wao uliwaongoza kwenye mhogo. Basi kulowesha na kuanika ni kinga ya miguu na ya shingo pia, na vita visiwe kisa cha kuifupisha kazi hiyo.

Hata hivyo, hapa tusichanganye mambo mawili. Chumvi ni kinga kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima. Mtu ambaye tezi yake imeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, au imekatwa na daktari kwa upasuaji, hatapona kwa chumvi. Bohari iliyobomoka haiwezi kutoa kitu hata ukiijaza malighafi. Na mtu asinywe dawa ya aidini ya vidonda, wala asile unga wa mwani kwa vijiko akidhani anajitibu. Madini joto yakizidi huivuruga tezi kama yanavyoivuruga yakipungua.

DAWA ILIVYOPATIKANA

Wazee wa zamani hawakuwa na la kufanya kwa mgonjwa ambaye tezi yake imekufa. Alivimba, akazubaa, akafa. Daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Bern, nchini Uswisi, aliona kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walipungukiwa mwili na akili, na hapo watu wakatambua kwamba kiungo hicho kina kazi kubwa. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi. Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mmoja mgonjwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mwanamke huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, alipata nafuu akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitoa homoni yenyewe ikiwa safi, na mwaka 1927 wataalamu wa Uingereza wakaweza kuitengeneza maabara.

Leo homoni hiyo ni kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini. Katika visanduku vya Msumbiji jina lake huandikwa kwa Kireno, levotiroxina. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya kulevya, wala si sumu inayopambana na vijidudu. Ni kitu kilekile ambacho mwili ulipaswa kujitengenezea, nacho hutolewa kwa mkono badala ya bohari iliyobomoka. Kwa hiyo wagonjwa wengi hukimeza maisha yao yote, kama vile mwenye macho dhaifu anavyovaa miwani kila siku bila kuona aibu.

JINSI YA KUMEZA KIDONGE

Kidonge hiki kina masharti machache, na asiyeyafuata humeza bure.

Kwanza, kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai na chakula. Chai ya maziwa, kahawa na soya hukizuia kisiingie mwilini. Asiyeweza alfajiri, kwa mfano askari wa zamu ya usiku, anaweza kukimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula. La muhimu ni kuchagua wakati mmoja na kudumu nao. Katika mwezi wa Ramadhani, mfungaji azungumze na daktari wake mapema. Wengi humeza usiku, saa kadhaa baada ya kufuturu, au nusu saa kabla ya daku.

Pili, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vidonge vya kalisi, na dawa za kiungulia vikae mbali nacho kwa saa 4. Jambo hili huwakuta hasa kina mama wajawazito, ambao hupewa vidonge vya damu kliniki. Mama akimeza vyote kwa mkupuo mmoja, kimoja humfunga mwenzake.

Tatu, mgonjwa amwambie daktari dawa zake zote nyingine. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, huiunguza homoni upesi, hata kipimo kilichotosha jana kisitoshe tena.

Nne, vidonge vikae katika kifungashio chake mpaka saa ya kumeza, mahali pakavu pasipo na mwanga, penye joto lisilozidi nyuzi 25 ikiwezekana. Chini ya bati la pwani mchana, au juu ya meko, dawa hupoteza nguvu. Kona ya chini ya nyumba yenye kivuli ni bora kuliko rafu ya juu karibu na paa. Askari asiache dawa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Tano, kiasi cha dawa hupangwa na daktari kwa uzito, umri na moyo wa mgonjwa. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi huhitaji karibu mikrogramu 100. Lakini mzee au mwenye maradhi ya moyo huanzishwa na kiasi kidogo, pengine mikrogramu 25, kikapandishwa taratibu, ili moyo usishtuliwe.

KIPIMO CHA DAMU

Wako wanaomeza kidonge kwa uaminifu, lakini hawapimi damu. Hao wanatembea gizani. Nafuu ya mwili huchelewa, na hisia hudanganya. Mtu anaweza kujiona mzima wakati dawa imezidi, na anaweza kujiona mgonjwa wakati dawa inatosha ila amepungukiwa damu.

Utaratibu ni huu. Baada ya kuanza dawa, au baada ya kubadilisha kiasi, TSH hupimwa zikipita juma 6 hadi 8. Kupima kabla ya hapo ni kupoteza fedha, kwa sababu kamanda huchukua muda kutambua hali mpya ya bohari. Kipimo kikitulia mahali panapofaa, mgonjwa hupimwa kila miezi 6 hadi 12. Akibadilishiwa dawa ya kiwanda kimoja ikawa ya kiwanda kingine, apimwe tena baada ya juma 6 hadi 8, maana vidonge vya viwanda mbalimbali havilingani kabisa.

Kwa watu wazima wengi, TSH ya kawaida huwa baina ya 0.4 na 4.0. Kila maabara ina mipaka yake iliyochapwa kando ya jibu, na daktari ndiye asomaye. Ikipanda juu sana, kidonge hakitoshi au hakimezwi vizuri. Kabla ya kuongezewa kiasi, mgonjwa na ajiulize kwa uaminifu: Je, nilimeza pamoja na chai? Je, niliruka siku? Ikishuka chini sana, dawa imezidi. Dawa iliyozidi huvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa wazee, na kupunguza nguvu ya mifupa. Kwa sababu hiyo ni hatari kwa mtu mzima wa afya kumeza dawa hii ili apungue unene. Jirani asimpe jirani.

Zingatia pia kwamba mtu aliye mahututi kwa malaria kali au ugonjwa mwingine mzito huweza kupata jibu la TSH lisilo la kweli. Yafaa angoje apone, isipokuwa daktari ana sababu ya kushuku tezi.

Kwa mgonjwa ambaye tezi yake inakimbia, dawa ni nyingine, kwa mfano kabimazoli, na vipimo huwa vya karibu zaidi, kila juma 4 hadi 6 mwanzoni. Dawa hiyo ina onyo moja lisilosahaulika. Mgonjwa akipata homa na koo kuuma, asiseme ni mafua. Aache dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu, kwa kuwa mara chache dawa huzimaliza, na mwili ukabaki bila walinzi.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Hapa tunawaomba waume wasome pamoja na wake zao. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana tezi inayofanya kazi. Hutegemea homoni ya mama kwa ajili ya kujengwa kwa ubongo wake. Mwanamke anayemeza levothairoksini na akagundua kwamba ameshika mimba asiache dawa hata siku moja. La hasha! Mahitaji yake hupanda kwa kiasi cha robo au theluthi hivi, na madaktari wengi huwaagiza wagonjwa wao wameze vidonge 9 kwa juma badala ya 7 mara mimba inapojulikana, kisha wapimwe kila juma 4 mpaka katikati ya mimba. Apange jambo hilo na daktari kabla ya kushika mimba, asingoje. Na mwanamke anayetumia kabimazoli amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa maana dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mtoto naye huweza kuzaliwa tezi yake ikiwa haifanyi kazi. Hutokea kwa mtoto 1 katika kila 2,000 hadi 4,000. Akipewa kidonge chake ndani ya juma 2 za kwanza, hukua na akili yake kama wenzake. Akichelewa miezi, akili iliyopotea hairudi. Mahali ambapo watoto wachanga hawapimwi wote, macho ya mama na ya mkunga ndiyo kinga: mtoto mwenye umanjano usiokwisha, asiyelia kwa njaa, mwenye sauti ya kukwaruza, ulimi mkubwa, choo kigumu na kitovu kilichovimba apelekwe hospitali bila kungoja arubaini itimie.

SAFARI, VITA NA TUFANI

Tumerudi sasa kwenye Mbau na mahali pote panapofanana nayo. Kutoka Mocímboa da Praia hadi Pemba, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilometa 300 kwa barabara, na barabara hiyo imewahi kufungwa kwa mapigano na kukatwa na mvua. Jamaa yenye mgonjwa wa tezi yapaswa kujipanga kama kikosi kinavyopanga chakula kabla ya kuondoka.

Kwanza, liwepo daftari. Katika ukurasa mmoja ziandikwe: jina la dawa kama lilivyo kwenye kisanduku, kiasi kwa mikrogramu, tarehe ya kipimo cha mwisho na jibu lake, na tarehe ya kipimo kinachofuata. Mganga wa kituo kipya, awe wa Mueda au wa Nampula, akiuona ukurasa huo hataanza upya kana kwamba mgonjwa amezaliwa jana.

Pili, vidonge vya mwezi mmoja viwekwe katika mfuko uleule wenye vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, maana huo ndio mfuko ambao hubebwa hata usiku. Kila mwezi vitumiwe hivyo vya akiba, na vipya viwekwe mahali pake, visije vikapitwa na muda.

Tatu, ijulikane kwamba kukosa siku chache si kifo. Homoni hii hukaa mwilini muda mrefu, na nusu yake tu hutoka kwa siku 7 hivi. Aliyesahau asubuhi na ameze akumbukapo, tumbo likiwa tupu. Aliyekosa siku mbili au tatu kwa sababu ya safari aendelee na kiasi chake cha kila siku, asilipize deni kwa kumeza rundo la vidonge bila shauri la mganga. Aliyekosa juma nyingi, hasa akiwa mzee au mgonjwa wa moyo, asirudie kiasi chote mara moja, bali amwone mganga kwanza.

Nne, ijulikane pia kwamba kukosa miezi ni jambo jingine. Mwili hushuka taratibu, kisha homa ya mapafu, baridi au jeraha humwangusha mgonjwa ghafla. Akiwa na usingizi usioisha, mwili baridi, uso uliovimba na pumzi ya polepole, hiyo ni dharura ya roho, na abebwe hospitali saa hiyohiyo. Mwenye daftari na aende nalo.

WAJIBU WA WENGINE

Mgonjwa huyu hapewi huruma kwa urahisi, kwa sababu hana bandeji wala mkongojo. Mume aliye kituo cha mbali anaweza kuuliza katika simu yake ya jioni swali moja tu: "Mama fulani, kipimo chako ni lini?" Swali hilo linafaa kuliko kuuliza kwa nini nyumba haikufagiliwa. Mtoto wa shule anaweza kukabidhiwa kazi ya kuandika tarehe ukutani. Na kiongozi wa kikosi, akimwona askari wake hodari amebadilika kwa miezi kadhaa, amezidi uzito au amekonda, ametulia mno au anatetemeka, amtume kwa mganga kabla ya kumtuma kwenye adhabu. Askari naye anayetumia dawa asimfiche mganga wa kikosi. Akifichwa jambo hilo, hataweza kumwekea akiba anapopelekwa mahali pasipo na duka la dawa.

Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na damu inayochukuliwa kwa kipimo haijazi kijiko cha chai. Asiyetembea na vyote viwili hupungua siku kwa siku mbele ya watu wake, nao wasijue wanachokipoteza. Anayetembea navyo hulima, hulinda, huzaa na kuzeeka kama wenzake. Basi usiku huu, kabla ya kuzima taa, kila nyumba yenye mgonjwa wa tezi ifungue mfuko wa vyeti na kutazama kama vidonge vimo, na kama tarehe ya kipimo imeandikwa.

Juma lijalo, ndugu msomaji, ukurasa huu utaeleza jinsi ya kuhifadhi maji ya kunywa nyumbani wakati wa masika.